Herbert Baker: Msanifu aliyepata jina ughaibuni

IKULU ya Nairobi pamoja na Shule ya Nairobi, ambayo awali iliitwa Prince of Wales, zimetokana na michoro ya mtu mmoja, Sir Herbert Baker. Alipoichora, Mwingereza huyo alikwishakuwa na jina kubwa. Hata hivyo, jina hilo hakulipatia nyumbani kwao, bali Afrika Kusini, alikofika mwaka 1892 akiwa na umri wa takriban miaka 30 na asiyejulikana na yeyote.

Baker alizaliwa Juni 9, 1862 katika nyumba ya Owletts, kijiji cha Cobham, jimbo la Kent. Alijifunza kazi kwa binamu yake, kisha akaajiriwa London katika ofisi ya Ernest George, ambako alifahamiana na kijana mwingine, Edwin Lutyens. Safari ya Cape haikuwa ya usanifu. Alikwenda kumsaidia ndugu yake, Lionel, aliyetaka kuanzisha shamba la matunda.

Huko ndiko alikokutana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na Waziri Mkuu wa Koloni la Cape. Mwaka 1893 Rhodes alimkabidhi Groote Schuur, nyumba kongwe iliyowahi kuwa ghala la nafaka la Waholanzi, ili aifanyie ukarabati.

Kazi hiyo ilikuwa mtihani. Baker hakuyafahamu majengo ya Kiholanzi ya Cape, hivyo ilimbidi azunguke mashambani kuzitazama nyumba za kale, kuta zake za chokaa na vilele vyake vilivyonakshiwa. Mafundi wenye ujuzi huo nao walikuwa wachache. Nyumba ilipoungua mwishoni mwa 1896, aliijenga upya, na safari hii paa la nyasi likaachwa, vikatumika vigae.

Mwaka 1900 Rhodes alimgharamia safari ya Italia, Ugiriki na Misri akayaone majengo ya kale. Ni wasanifu wachache mno waliowahi kupata mfadhili wa namna hiyo. Lakini mfadhili huyo ndiye aliyepitisha Sheria ya Glen Grey ya mwaka 1894, iliyobana umiliki wa ardhi wa Waafrika na kuwasukuma wakatafute vibarua. Baker hakuwa mtazamaji tu. Aliiamini dola ya Uingereza kwa dhati, na mawe yake yalikusudiwa kuitukuza.

Ushahidi upo Pretoria. Majengo ya Muungano, yaliyojengwa kati ya 1910 na 1913, yana mbawa mbili zinazowakilisha Waingereza na Makaburu. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwekewa ubawa. Agosti 9, 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi hapo kupinga sheria za pasi, na Mei 10, 1994 Nelson Mandela aliapishwa papo hapo kuwa Rais. Groote Schuur nayo, Mei 1990, ilikuwa ukumbi wa mazungumzo ya Serikali ya De Klerk na ANC.

Kutoka Pretoria Baker aliitwa India, kushirikiana na Lutyens kujenga New Delhi. Urafiki wao uliingia nyufa kwa sababu ya mwinuko wa barabara: majengo ya Baker yalipokaa juu ya kilima, kasri la Lutyens likafichika kwa anayepanda. Wakubwa hao walinuniana kwa miaka mingi. Jengo la Bunge la mviringo alilolisanifu Baker lilifunguliwa mwaka 1927 na kutumiwa na wabunge wa India hadi 2023.

Kenya alialikwa na Gavana Edward Grigg mwaka 1925, na msaidizi wake, Jan Hoogterp, ndiye aliyesimamia kazi zake huko.

Baker alifariki dunia Februari 4, 1946 katika nyumba ileile ya Owletts alimozaliwa. Majivu yake yamezikwa Westminster Abbey, London.