Abul-Mawahib, sultani wa Kilwa aliyejulikana kwa zawadi

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, kitu cha kwanza kukukabili ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji. Wageni wengi hupiga picha pale, huingia Msikiti Mkuu, kisha hurudi Masoko wakiamini wameshaiona Kilwa ya masultani. Lakini ngome ile ilianzishwa na Wareno mwaka 1505, na nyumba ya mtu tunayemzungumzia leo iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Kufika huko ni kwa miguu, na jua la kisiwani si la mchezo.

Mtu huyo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa kuanzia mwaka 1310 hivi hadi 1333 hivi. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Pwani yetu yote ya Lindi haijapata mtawala mwingine wa zama zile ambaye jina lake limefika mbali kama lake. Hata hivyo, ukiuliza vijana wa hapa kwetu ni nani aliyejenga Husuni Kubwa, wengi watakujibu ni Wareno. Ndiyo maana tumeona tuandike habari zake.

Alizaliwa katika ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen. Babu yake, al-Hasan bin Talut, ndiye aliyeuchukua usultani mwishoni mwa karne ya 13 kutoka kwa watawala waliojiita Washirazi. Kumbukumbu za Kilwa, ambazo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London, zinasema kwamba alipokuwa bado kijana alisafiri kwenda kuhiji, na akakaa miaka miwili Aden akisoma elimu ya dini. Baba yake alipofariki, yeye hakuwepo. Ndugu yake Daud alishika utawala kwa niaba yake, na al-Hasan aliporudi akamkabidhi. Tukumbuke jina la Daud, tutalirudia.

Kilwa aliyoirithi ilikuwa mji wa soko kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kisiwa hakina mashamba ya kulisha mji mkubwa, na dhahabu haichimbwi hapa. Utajiri wake ulitokana na upepo. Majahazi ya Arabuni na India yalishuka na kaskazi na yalipaswa kurudi na kusi. Chombo kilichoondoka huko kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurudi ndani ya mwaka, lakini kikienda mpaka Sofala, katika Msumbiji ya leo, kilikuwa hatarini kukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo wenye nguo, shanga na vyombo vya kaure waliishia Kilwa, na watu wa Kilwa ndio waliokwenda Sofala kuchukua dhahabu na pembe za ndovu. Mwandishi Mreno João de Barros, katika karne ya 16, aliandika kisa cha mvuvi wa Kilwa aliyenasa samaki mkubwa mno, samaki akamburuta baharini mpaka Sofala, akakuta wafanyabiashara wa Mogadishu wakipata dhahabu, akarudi nyumbani na habari. Kisa cha baraza hicho, lakini kinaonyesha watu wenyewe walivyojieleza mwanzo wa neema yao.

Neema hiyo ilifika kilele wakati wa Abul-Mawahib. Aliupanua Msikiti Mkuu, ule wa zamani ukabaki kama chumba kidogo upande wa kaskazini wa jengo jipya lenye kuba na matao. Kisha akajenga Husuni Kubwa. Neno husuni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, ila lile halikuwa ngome. Lilikuwa kasri la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye vyumba zaidi ya 100, ua baada ya ua, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Upande wa kusini kulikuwa na ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi, ambavyo wataalamu wanadhani vilikuwa maghala. Yaani sultani alilileta soko nyumbani kwake, au tuseme alijenga nyumba yake juu ya soko. Neville Chittick, aliyechimba magofu hayo katika miaka ya 1950 na 1960, alikuta maandishi ya mawe yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Hapo ndipo shaka ya nani alijenga ilipokwisha.

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alishuka Kilwa akitokea Mombasa. Alikuwa bado hajafika miaka 30. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akasema nyumba zake ni za miti. Jambo hili limewasumbua wasomi, maana mawe yapo na yanaonekana. Sisi hatuoni shida sana: hata leo mtu akitembea vijiji vya pwani atakuta nyumba chache za mawe katikati ya nyingi za miti na udongo, na msafiri huandika alichokiona kwa wingi. Tena masimulizi ya safari yake yalikamilika kuandikwa mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Ibn Battuta ndiye aliyetuachia kisa cha nguo. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, sultani alikuwa akirudi nyumbani pale fakiri mmoja kutoka Yemen alipomsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasisitiza apewe saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo na kumpa zile alizokuwa amevaa. Fakiri akazifunga, akajitwisha, akaenda zake, na watu wakamsifu mtawala wao. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri anaongeza kwamba zawadi za Kilwa kwa kawaida zilikuwa pembe, dhahabu ilitolewa kwa nadra.

Kisa hiki husimuliwa sana, na husimuliwa kama sifa tupu. Sisi kila tukikisoma tunasimama kwenye wale watu 20. Hakuna aliyeandika majina yao. Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani alikuwa akivamia mara kwa mara nchi za watu wa bara, na katika nyara alitenga sehemu ya tano kwa matumizi yaliyoamriwa na dini, likiwemo fungu la masharifu. Masharifu walikuja kwake kutoka Hijazi na kwingineko, na msafiri aliwakuta baadhi yao mjini. Basi mkono uliotoa ndio uliovamia. Kwa wageni waliofika bandarini alikuwa Baba wa Zawadi. Vijiji vilivyoshambuliwa huko bara havikuacha maandishi, wala hatujui vilimwita nani.

Alipokufa, Daud akachukua nafasi yake, safari hii si kwa niaba ya mtu. Anasimuliwa kuwa kinyume kabisa cha ndugu yake. Mwombaji akija, Daud alimjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakisubiri, wakapewa kidogo, mpaka wakaacha kuja. Daud ameingia katika vitabu kama bahili. Huenda alikuwa bahili kweli. Lakini mtu aliyepokea mji wenye kasri la vyumba 100 ambalo halijamalizika anaweza pia kuwa alikuwa akisema ukweli kuhusu hazina.

Maana Husuni Kubwa halikumalizika kamwe. Liliishi watu kwa muda mfupi, kisha likaachwa. Msikiti nao, kwa mujibu wa kumbukumbu za Kilwa, ulianguka, na watu wakaswali chini ya vivuli vya muda kwa miaka mingi. Ulijengwa upya katika karne ya 15, na sehemu kubwa ya matao tunayoyaona leo ni ya wakati huo.

Kilichosafiri zaidi ni sarafu zake. Nyingi ni za shaba, ndogo, nyepesi, za kununulia vitu vya kila siku. Upande mmoja zina jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina, kama shairi la mistari miwili. Zipo pia chache za dhahabu. Moja ya zile za shaba ilipatikana Great Zimbabwe, bara kabisa, katika nchi ilikotoka dhahabu ya Sofala.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Bahari bado inakula genge chini ya Husuni Kubwa. Anayepanga kwenda aanze asubuhi, abebe maji ya kunywa, na amwombe mwongoza wageni waanzie kule mashariki, Gereza waliache la mwisho.