Frank Marshall: Bingwa wa sataranji ambaye mtego wake ulimnasa mwenyewe kabla ya kusifika

HAKUNA jambo linalomvutia mwanagenzi wa sataranji kama mitego ya mwanzo wa mchezo. Mchezaji humwachia mpinzani kete kana kwamba ameghafilika, mpinzani akaikwapua kwa pupa, na baada ya hatua chache mfalme wake akajikuta amezingirwa. Mtego bila chambo haunasi, walinena wahenga. Hata hivyo, lipo swali ambalo wengi husahau kujiuliza: itakuwaje iwapo mpinzani ataing'amua hila hiyo na kuijibu ipasavyo? Maisha ya Frank James Marshall, bingwa wa Marekani kwa zaidi ya robo karne, yana jibu la swali hilo.

Marshall alizaliwa jijini New York mnamo Agosti 10, 1877. Alipokuwa na umri wa miaka minane familia yake ilihamia Montreal, Kanada, na huko ndiko alikojifunza sataranji akiwa na miaka kumi hivi. Tangu ujana wake alipenda mashambulizi. Aliweza kutoa kafara kete yoyote ile, hata malkia, mradi tu apate njia ya kumfikia mfalme wa adui. Sifa yake kubwa ilikuwa kujinasua pale ambapo kila mtu alikuwa amekwisha kumhesabu kuwa mshinde.

Mwaka wa 1904 aliushangaza ulimwengu alipotwaa ushindi katika mashindano ya Cambridge Springs, Pennsylvania, bila ya kushindwa hata mara moja. Alijizolea pointi 13 kati ya 15, akamwacha nyuma bingwa wa dunia, Mjerumani Emanuel Lasker.

Fahari hiyo haikudumu. Mwaka wa 1907 alipambana na Lasker kuwania taji la dunia, akashindwa mara nane na kutoka sare mara saba pasipo kushinda mchezo hata mmoja. Miaka miwili baadaye alikutana na kijana wa Kuba, José Raúl Capablanca, aliyekuwa na miaka 20 tu. Marshall alishinda mara moja, akapoteza michezo minane, na 14 ikaishia sare. Ilibainika kwamba hila zinazowaangamiza wachezaji wa kawaida hazina makali mbele ya mtu anayeziona mapema.

Hata hivyo, hakuiacha njia yake. Huko Breslau mwaka wa 1912, alipocheza na Mrusi Stepan Levitsky, alimweka malkia wake mahali ambapo angeweza kuliwa na kete tatu tofauti, na kila namna ya kumla ingeleta maangamizi. Levitsky alisalimu amri. Husimuliwa kwamba watazamaji walirusha sarafu za dhahabu juu ya ubao, ingawa wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo.

Siku inayokumbukwa zaidi ilikuwa Oktoba 23, 1918, jijini New York, alipokutana tena na Capablanca. Katika ufunguzi wa Ruy Lopez, Marshall, aliyekuwa na kete nyeusi, alimtoa kafara askari wa katikati katika hatua ya nane. Malipo yake yalikuwa kwamba kete zake zingemvamia mfalme mweupe kwa kasi, ilhali kete nyingi za Capablanca upande wa pili wa ubao zilikuwa bado hazijatoka.

Capablanca alitambua kwamba mpinzani wake alikuwa amejiandaa nyumbani. Hata hivyo aliikubali changamoto, akamla askari huyo, akastahimili dhoruba kwa utulivu na kushinda katika hatua ya 36. Ilidaiwa baadaye kwamba Marshall aliificha silaha hiyo kwa karibu miaka kumi akimsubiri mtu mmoja tu. Dai hilo lina walakini, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amelijaribu wazo kama hilo mwaka wa 1917.

Kwa hivyo, je, mtego huo ulikuwa mbovu? La hasha. Wachambuzi waliuchunguza upya, wakagundua kwamba badala ya kumrudisha nyuma farasi wake kama alivyofanya siku ile, mweusi anaweza kumtegemeza kwa askari na kuendelea kumsumbua adui. Hata mweupe akijibu vyema kabisa, mweusi hupata fidia ya kutosha kwa askari aliyempoteza. Boris Spassky aliutumia dhidi ya Mikhail Tal mwaka wa 1965, na Garry Kasparov akaukwepa alipocheza na Nigel Short mwaka wa 1993. Mwaka wa 2004 Péter Leko alimshinda bingwa wa dunia, Vladimir Kramnik, kwa shambulizi hilohilo.

Si uvumbuzi wake wote uliostahimili mtihani wa wakati. Ulinzi mwingine unaoitwa kwa jina lake, ambao aliujaribu katika miaka ya 1920 dhidi ya ufunguzi wa askari wa malkia, humwachia mweupe eneo la katikati bila jasho, na wataalamu hawauthamini.

Marshall alishikilia taji la Marekani kuanzia 1909 hadi 1936, alipoliachia kwa hiari. Alikuwa katika timu ya nchi yake iliyoshinda Olimpiadi nne katika miaka ya 1930, na klabu aliyoianzisha New York mwaka wa 1915 inaendelea na shughuli zake. Aliaga dunia Novemba 9, 1944, akiwa na umri wa miaka 67.

Kwa anayejifunza sataranji, kipimo ni chepesi. Kabla ya kutega, mtu na akadirie kwamba mpinzani ataupata mwendo ulio bora zaidi. Iwapo hata hapo ubao utamwacha katika hali nzuri, na atege. Vinginevyo anabahatisha, na siku atakapokutana na mjuzi, chambo kitaliwa na mtego utabaki mtupu.