Jim Reeves na Nyimbo Zake za Herufi I

Hebu chukueni nyimbo za hayati Jim Reeves mzipange kwa alfabeti, kama vile tunavyopanga msamiati daftarini. Herufi nyingi zitapata nyimbo chache tu. Mkifika kwa I, ukurasa utajaa: I Missed Me, I'm Gonna Change Everything, I Love You Because, I Guess I'm Crazy, I Won't Forget You, It Hurts So Much, Is It Really Over?, I Won't Come In While He's There. Na bado sijamaliza.

Sababu yake si fumbo. Kwa Kiingereza, I ni "mimi", na jamaa huyu aliimba sana mambo ya mtu mmoja aliyekaa peke yake na moyo wake. Angeimba kwa Kiswahili nyimbo hizo zingetawanyika, maana "mimi" yetu hujificha ndani ya kitenzi. Nakupenda ingeenda kwa N, na Sitakusahau ingeenda kwa S. Basi tumfuate huyu "mimi" tuone alitoka wapi, na tuone pia alipelekwa wapi baada ya mwenyewe kuondoka.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, kijiji cha jimbo la Texas, Marekani. Kabla hajatimiza mwaka mmoja baba yake akafariki. Mama akabaki mjane, na watoto wengi, na shamba. Kijana huyu hakuwa na ndoto moja tu ya muziki. Alikuwa hodari wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Mchezo huo ndio uliompeleka Chuo Kikuu cha Texas, lakini alikaa wiki sita tu akatoka, akaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya meli huko Houston. Mwaka 1944 alisajiliwa na klabu ya St. Louis Cardinals kama mrushaji, akachezea timu zake ndogo. Halafu siku moja akirusha mpira alijiumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Besiboli ikaishia hapo. Kama mguu ule haungeumia, pengine leo jina lake lingejulikana na wazee wachache wa Texas tu.

Mwaka 1947 alimwoa Mary White. Jina hili mlishike, litarudi.

Alipata kazi ya utangazaji wa redio, kwanza Texas halafu Shreveport, Louisiana, katika stesheni ya KWKH. Alikuwa akitangaza waimbaji wengine na mwenyewe anaimba pia. Mwaka 1953 wimbo wake Mexican Joe ulifika nambari moja upande wa muziki wa kantri, na Bimbo ukafuata nyayo. Ukisikiliza nyimbo hizo mbili utashangaa kama ni yeye. Anaimba kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto!

Mwaka 1955 aliingia kampuni kubwa ya RCA Victor. Hapo ndipo alipobadilika. Aliishusha sauti, akasogeza midomo karibu kabisa na maikrofoni, akaanza kuimba kama anayekunong'onezea. Kuna waliopinga, lakini Chet Atkins, aliyesimamia kurekodi kwake, alimuunga mkono. Mwaka 1957 wakatoa Four Walls, wimbo ambao kumbe ulikusudiwa mwimbaji wa kike. Ulifika nambari moja. Kisha mwishoni mwa 1959 ukatoka He'll Have to Go, ambao uliwekwa upande wa pili wa santuri, ule upande ambao kampuni haikuutegemea. Watangazaji wa redio wakageuza santuri, na 1960 wimbo huo ukakaa nambari moja ya kantri kwa wiki 14.

Sauti hiyo ya chini ndiyo iliyovuka bahari. Hata huku kwetu Kenya wako wazee wasiojua Kiingereza sana lakini Jim Reeves wanamjua, na Krismasi ikikaribia utamsikia tu. Afrika Kusini alipendwa mno. Alizuru huko, akaimba hata kwa Kiafrikaans, na mwaka 1963 akaigiza filamu ya Kimberley Jim huko huko. Mashabiki wengi hawapendi kuligusa jambo hili, lakini mimi nitalitaja: mwaka huo Mandela alikuwa gerezani, na ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya nchi.

Sasa tufike mwaka 1964, mwaka wa herufi I. Huko Uingereza I Love You Because, uliotungwa na Leon Payne, mtunzi asiyeona, ulipanda hadi nambari 5 na kukaa kwenye orodha wiki 39. Mwaka huo huo I Won't Forget You ulifika nambari 3. Marekani nako I Guess I'm Crazy ulikuwa umeanza kupanda.

Tarehe 31 Julai Reeves alikuwa akirudi Nashville kutoka Batesville, Arkansas, kwa shughuli ya ardhi. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, na rubani alikuwa yeye mwenyewe. Pamoja naye alikuwamo Dean Manuel, mpiga piano wake. Wakiwa karibu kufika waliingia kwenye mvua kubwa ya radi, na ndege ikaanguka kwenye miti karibu na Brentwood. Watu walitafuta karibu siku mbili, wanamuziki wenzake wakiwemo, ndipo miili ikapatikana. Alikuwa na miaka 40. Maskini, I Guess I'm Crazy ulifika nambari moja mwenyewe yuko kaburini huko Carthage, Texas.

Hapa wengi hufunga hadithi, lakini hapa ndipo mimi naona mambo yanaanza. Jim na Mary hawakuwa na mtoto. Alichobaki nacho mjane ni kanda nyingi za sauti, nyingine hazijawahi kutolewa. Angeweza kuzifungia sandukuni. Hakufanya hivyo. Alizitoa moja moja, mwaka baada ya mwaka. Is It Really Over?, ambao Reeves aliutunga mwenyewe, ulifika nambari moja 1965. Mwaka 1966 Distant Drums, uliokuwa umerekodiwa kama wa majaribio tu, ulishika nambari moja Uingereza wiki tano. Mwaka 1967 I Won't Come In While He's There nao ukafika nambari moja ya kantri, miaka mitatu baada ya ajali.

Wako wanaosema hiyo ni biashara ya maiti. Mimi sikubali. Yule "mimi" wa nyimbo hizo alikuwa amekwisha kuimbwa na mwenye kinywa chake, na Mary hakumwongezea neno.

Ila mwaka 1981 nina wasiwasi nao. Kampuni ilichukua sauti ya Reeves na ya Patsy Cline, aliyekufa pia kwa ajali ya ndege mwaka 1963, ikaziunganisha katika Have You Ever Been Lonely. Wawili hao hawakuwahi kurekodi pamoja wakiwa hai. Wimbo ni mtamu, siwezi kudanganya. Lakini kila mmoja aliimba peke yake, hajui kama mwenzake yuko, na sisi tunawasikia kama wamesimama maikrofoni moja.

Mary aliaga dunia mwaka 1999, miaka 35 baada ya mumewe.