Svante Arrhenius: alidharauliwa chuoni, chumvi na maji vikampa Nobel

Mwaka wa 1884, katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, mwanafunzi wa miaka 25 alitetea tasnifu yake ya udaktari na kupewa alama ndogo mno, kiasi kwamba ndoto yake ya kufundisha chuoni hapo ilikaribia kufutika. Miaka 19 baadaye, kazi iliyoanzia katika tasnifu hiyo ilimletea tuzo ya Nobel ya kemia.

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na Uppsala, akiwa mtoto wa mpima ardhi.

Swali lake lilikuwa rahisi: maji matupu hayapitishi umeme vizuri, chumvi kavu vilevile, kwa nini basi vikichanganywa umeme unapita? Aliona kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye umeme, ziitwazo ioni. Wengi walipinga. Sodiamu huwaka kwa nguvu ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu; zitatuliaje ndani ya glasi moja? Hawakutambua kwamba atomi ikishachukua umeme hubadilika tabia.

Arrhenius hakukata tamaa. Alituma nakala za tasnifu kwa wataalamu wa nje. Wilhelm Ostwald, profesa wa Riga, alisafiri hadi Uppsala mwaka huohuo ili kumpa kazi. Arrhenius hakuondoka, kwani baba yake alikuwa mgonjwa, lakini Uppsala ilimpa nafasi ya kufundisha. Mwaka wa 1887 alitangaza nadharia yake kamili, na mwaka wa 1903 akawa Mswidi wa kwanza kupata Nobel.

Mwaka wa 1896 alikuwa pia amekokotoa jinsi gesi ya ukaa inavyoongeza joto la dunia.

Sehemu moja ilibaki kwa waliomfuata: maji yenyewe hufanya nini? Mwaka wa 1920, Wamarekani Wendell Latimer na Worth Rodebush walieleza kwamba molekuli za maji hushikana kwa kupitia haidrojeni. Ioni ikiingia, molekuli zilizo jirani huachia baadhi ya vifungo hivyo na kuigeukia. Leo watafiti huchunguza jambo hilo hata katika vikundi vya molekuli chache tu.

Arrhenius alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akiwa na miaka 68. Alizikwa Uppsala, mji uleule uliomnyima alama.