Abubakar Tafawa Balewa: Mwalimu wa Bauchi Aliyekuwa Waziri Mkuu

Wengi wetu tunamjua Alhaji Abubakar Tafawa Balewa kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Nigeria. Lakini kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa shule.

Alizaliwa mwaka 1912 huko Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. Hakutoka ukoo wa watawala. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya mkuu wa wilaya. Alisoma Chuo cha Katsina, kisha akarudi Bauchi kufundisha, mpaka akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1945 alikwenda London kusomea elimu, na aliporudi akawa mkaguzi wa shule katika utawala wa wenyeji wa Bauchi.

Wakati ule Waingereza walitawala kaskazini kupitia maamiri, na chini ya kila amiri palikuwa na utawala wa wenyeji wenye hazina, mahakama na shule. Kutoka humo Balewa aliingia Baraza la Kaskazini, na mwaka 1947 akafika Baraza la Kutunga Sheria la Lagos.

Agosti 1950 alisimama barazani akataka iundwe tume huru ichunguze tawala hizo za wenyeji. Alieleza kuwa rushwa imeenea na kwamba hakuna anayejua mipaka ya madaraka yake, kuanzia amiri hadi karani. Maneno hayo yaliwagusa wakubwa wake mwenyewe, na wengi walikasirika. Hata hivyo, baadaye sheria zilibadilishwa, amiri akatakiwa kuamua mambo pamoja na baraza lake.

Mwaka 1952 akawa waziri wa ujenzi, kisha wa uchukuzi, na mwaka 1957 Waziri Mkuu. Uhuru ulipatikana Oktoba 1, 1960 akiwa kiongozi wa serikali.

Huko juu mambo yalikuwa magumu zaidi. Uchaguzi wa Jimbo la Magharibi wa mwaka 1965 ulizua vurugu kubwa, na alilaumiwa kwa kutochukua hatua mapema. Januari 15, 1966 wanajeshi walipindua serikali na kumuua. Alizikwa Bauchi.

Ndugu mwanafunzi, kesho utaajiriwa katika wilaya au manispaa. Ukiuona uozo wa ofisi inayokulipa mshahara, kumbuka mkaguzi wa shule wa Bauchi na siku ile ya 1950.

Mwenyezi Mungu amrehemu.