Shayiri ya Dublin, Mahindi ya Busia

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Baada ya kusoma hisabati na kemia huko Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness, mjini Dublin. Huko alichunguza malighafi, hasa shayiri. Kila jaribio la shambani lilikula fedha na msimu mzima, hivyo vipimo alivyopata vilikuwa vichache, ilhali takwimu za siku zile zilidai vipimo vingi. Gosset akabuni kanuni ya kupambanua iwapo tofauti inayoonekana katika sampuli ndogo ni ya kweli au ni ya bahati tu. Aliichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, kwani mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Alifariki mwaka 1937, angali mtumishi wa kiwanda hicho.

Urithi wake unatuhusu. Mwaka 2008 watafiti Duflo, Kremer na Robinson walichapisha matokeo ya majaribio katika vipande vidogo vya mashamba ya wakulima wa Busia. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo la mahindi ilileta faida. Pembejeo zote zilizopendekezwa na wizara, zikitumiwa pamoja, zilileta hasara kwa wastani.

Mkulima wa Namboboto anayeuza kuku ili anunue mbolea hana msimu wa kupoteza. Anayemshauri na apime kwanza.