Tumfunze Liyongo kwa mkate wake

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya asiyelijua jina la Fumo Liyongo. Aulizwapo, atajibu upesi kwamba huyo alikuwa shujaa wa Waswahili, mrefu wa kimo, hodari wa upinde na malenga asiye na kifani, na kwamba aliuawa na mwanawe kwa kudungwa kitovuni. Akisha kujibu hivyo hupewa alama zake, na mwalimu akaendelea na swali jingine. Mimi nimefunza katika sehemu za Garsen, si mbali sana na Kipini na Ozi, ambako wenyeji huonyesha mahali wanapoamini kuwa ndipo alipozikwa. Kwa muda mrefu nimeona kuwa maisha yake yana somo jingine ambalo mazoezi yetu ya darasani huliruka. Somo hilo ni la chakula: nani akipikaye, nani akibebaye, nini kimo ndani yake, na nani ayashikaye maji.

Wataalamu hawakuafikiana juu ya zama zake. Wako wanaomweka katika karne ya 13 au kabla ya hapo, na wako wanaomleta karibu na mwaka 1600. Edward Steere alikichapisha kisa chake mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Mimi nayafuata masimulizi hayo kama yalivyopokewa, nikijua kuwa chuku imo. Hata hivyo, chuku nayo husema kweli juu ya watu walioitunga.

Liyongo alizaliwa katika ukoo wa watawala wa pwani ya kaskazini, na masimulizi humtaja kuwa mtu wa Shaga. Mamake aliitwa Mbwasho. Wakati huo mji wa Pate ulikuwa chini ya Sultani Daudi Mringwari, jamaa yake. Watu wa bara walikuwa wakija Pate kununua vyakula. Masimulizi huwaita Wagala, jina ambalo leo halipendezi masikioni; nasi twawajua kuwa ni Waoromo, jamii moja na Waorma wanaofuga ng'ombe Garsen na Hola hivi leo. Yafaa mwanafunzi alitie jambo hili maanani: kisa chenyewe kinaanzia sokoni, baina ya mfugaji na mwenye nafaka. Uhusiano baina ya mto, malisho na shamba katika nchi hii ya Tana si wa juzi wala jana.

Sultani alipowasifia wageni wake nguvu za Liyongo, walitaka kumwona. Akaitwa. Alifika Pate akiwa na mkoba begani, akautua na kuanza kutoa yaliyomo: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu vya kupikia na mafiga yake. Vitu vikalundikana hata wageni wakaingiwa na hofu. Wanafunzi hucheka wakifika hapa, nami sijapata kuwakataza. Lakini huwauliza: mbona watunzi wa kale, walipotaka kuonyesha ukubwa wa mtu, hawakumbebesha dhahabu wala mikuki, bali walimbebesha jiko? Yamkini walijua kwamba mtu mwenye kinu chake na jiwe lake la kusagia hatishiki kwa urahisi. Mwenye kumtegemea mwingine kwa unga hutegemea pia hiari ya huyo mwingine.

Wageni wakamtaka awe mkwe wao, akaoa kwao na kupata mwana wa kiume. Sifa zake zikazidi, na sultani akaingiwa na wasiwasi juu ya kiti chake. Liyongo akahamia bara, akaishi mwituni na Wasanye na Wadahalo. Sultani akawaahidi hao fedha ili wamuue, nao wakabuni hila ya kula kikoa. Kila siku mmoja wao angekwea mkoma na kuwaangulia wenziwe makoma. Zamu ya Liyongo ikifika, wamfume mishale akiwa juu. Zamu ilipofika hakukwea. Aliushika upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale mpaka wote wakashiba. Mikoma hiyo ingali imesimama katika nyanda za Tana. Waswahili husema mla cha mwenziwe na chake huliwa, na kikoa ni sheria ya haki hiyo: kila mtu ajue zamu yake na gharama ya anachokula. Uovu wa wale wawindaji ulikuwa kuigeuza meza ya pamoja kuwa mtego.

Hatimaye sultani alimrejesha Pate kwa werevu, akamtia gerezani na kukata shauri la kumuua. Mbwasho alikuwa akimpelekea mwanawe chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi aliyeitwa Saada. Walinzi wakawa wanakipokonya chakula kizuri na kumwachia mfungwa mabaki. Ndipo Liyongo akamtuma Saada amwambie mamake aoke mkate wa wishwa, yaani wa pumba na makapi, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate ule waliudharau, wakaupitisha. Usiku ule wa ngoma aliyoiomba kuwa ya mwisho, nyimbo na vishindo viliifunika sauti ya tupa. Minyororo ikakatika, akatoka.

Hapa ndipo ningependa walimu wenzangu watue kidogo. Walinzi walikihukumu chakula kwa weupe wake, nasi leo twafanya vivyo hivyo. Viwanda vikubwa vya kusaga mahindi na ngano huondoa wishwa na kiini cha punje, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika kiini huufanya unga uharibike mapema, na unga wa kiwandani sharti ukae ghalani, ukasafiri kwa lori na kungoja dukani. Pamoja na hayo makapi huondoka sehemu kubwa ya vitamini na madini. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa Java katika miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa wali mweupe uliokobolewa wakilegea miguu kwa maradhi yanayofanana na beriberi ya binadamu. Waliporudishiwa mchele wenye wishwa, wakapona. Kwa kazi iliyotokana na jambo hilo alishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nchini Kenya, tangu mwaka 2012, sheria huwataka wenye viwanda wautie vitamini na madini unga wa mahindi na wa ngano wanaoufunga katika pakiti. Sheria hiyo ni njema, wala siipingi. Lakini mwanafunzi na aelewe mzunguko wake: twalipa ili wishwa iondolewe, ikauzwa kuwa chakula cha mifugo, kisha twalipa tena turudishiwe sehemu ya kilichokuwamo.

Halafu yako yale yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 2019 peke yake, Wakenya waliona katika televisheni taarifa za nyama ya madukani iliyotiwa dawa ili ing'ae na isioze, na mwezi wa Novemba Shirika la Ubora wa Bidhaa likapiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu iliyopita kiasi. Tupa ya Mbwasho ilifichwa ndani ya mkate na mama ampendaye alaye. Hivi vyetu hufichwa na mtu asiyetujua, wala sisi hatumjui.

Na Saada je? Kisa chote kimesimama juu ya mabega yake, na katika mitihani aghalabu yeye ni jina la kujazia pengo tu. Alikuwa mtumwa. Alitembea njia ile kila siku, akavumilia ufidhuli wa walinzi, akabeba siri ambayo ingemgharimu roho. Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila sahani yumo Saada wake: mkata miwa, mchuma chai, mchinjaji wa usiku, dereva asiyelala. Mfumo wa chakula wa kisasa umewaweka mbali nasi, hata bei tuionayo dukani haitwambii kama walilipwa.

Nchi ya Tana inalijua hilo kuliko nyingi. Mradi wa kunyunyizia mashamba maji wa Hola ulianzishwa mwaka 1953 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa huko Hola kwa kukataa kazi ya kulazimishwa katika mifereji. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Sijui uongo mwingine uliomtukana mto huu kiasi hicho.

Mwisho wa Liyongo ulitoka nyumbani mwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Sultani alimwahidi mwanawe cheo na mke, na kijana akaipeleleza siri ya babake: silaha haimdhuru, ila shaba ikimchoma kitovuni. Akamdunga akiwa amelala. Liyongo aliamka, akashika upinde na mishale, akaenda hadi kisima cha mji, akapiga goti na kuuvuta upinde. Akafa katika hali hiyo. Watu walipomwona walidhani yu hai. Hapana aliyethubutu kukaribia, na mji ukakosa maji kwa siku kadhaa, mpaka mamake akaja kumbembeleza kwa maneno, na hatimaye mwili ukaanguka. Kijana hakuupata ufalme alioahidiwa.

Mji mzima ulitaabika kwa kiu kwa sababu mtu mmoja alikaa kisimani. Sina picha nyingine inayonieleza vizuri zaidi yaliyoukabili mto Tana. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, likiwamo Masinga lililokamilika mwaka 1981, mafuriko ambayo Wapokomo waliyategemea kwa mpunga, na Waorma kwa nyasi za kiangazi, hayaji tena kama zamani. Bura ililimwa pamba kwa fedha nyingi za mkopo na familia zilizoletwa kutoka mbali, na mradi ukadorora. Mashamba ya mpunga ya Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi yaliharibiwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mwaka 2008 ukaja mpango wa mamlaka hiyo na Kampuni ya Sukari ya Mumias wa kulima miwa katika hektari zipatazo 20,000 za delta. Wenyeji na watetezi wa mazingira wakaenda mahakamani, na mpango haukutekelezwa. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Hebu msomaji afikiri tungekuwa wapi kama malisho yangekwisha kulimwa na malka, yaani njia za ng'ombe kuendea maji, zikafungwa kwa ajili ya kiwanda kilichokosa kujiokoa chenyewe. Kilo moja ya sukari ya miwa huhitaji zaidi ya lita 1,000 za maji tangu shambani. Mnywaji chai mjini hayaoni maji hayo. Mchungaji huyaona yakiondoka.

Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, wakiwamo watoto. Siasa ilikuwamo, wala sitaki kuyarahisisha mambo. Lakini mzozo wa ardhi na maji ulikuwapo kabla ya siasa kuukoleza. Mwaka huo huo wa 2012 delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni heshima kubwa, ila heshima haichungi mlango wa kisima.

Atasema mtu: miji yetu ina mamilioni ya watu, watakula nini pasipo viwanda na mashamba makubwa? Swali hilo ni la haki. Sidai kwamba kila nyumba irudi kwenye kinu na jiwe, wala kwamba kiwanda ni dhambi. Wanawake waliotwanga usiku na mchana wanajua neema ya mashine. Ninachodai ni kuwa mlaji awe na haki ya kujua kilichomo katika mkate wake, mfanyakazi awe na haki ya ujira wake, na mwenye mto asikilizwe kabla ya mto kugawanywa. Asiyeuliza hayo amekubali kuwa mlinzi wa gereza la Pate, aliyeshiba kwa cheupe na kupitishiwa tupa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu, tufikapo tena kwa Liyongo, tusitosheke na sifa za shujaa. Tuwatume wanafunzi wasome maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti ya unga, waulize ilikosagwa na kilichotiwa. Walio Garsen, Hola na Kipini wawaulize wazee malka zilipita wapi na mafuriko yalifika wapi. Waandike majibu hayo kwa Kiswahili sanifu, tuwasahihishie sarufi, na tuyahifadhi shuleni. Siku mpango mwingine utakapoletwa na watu wa tai na ramani, hapo patakuwa na kizazi kinachoweza kusimama barazani na kuuliza, kwa adabu na kwa hoja, nani atakayekaa kisimani.